Nguo Yenye Mwenyewe

Nitaanza kwa kutenga. Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: nilimwona Mama Nyamisi akiuza nguo za watoto wachanga sokoni Mwanza, kwa kuwa nilikaa naye meza moja, nilimwona mtoto aitwaye Sayi, nje kidogo ya mji wa Magu, akiwa hai na akinitupia maganda ya karanga, na nilimwona mtoto mwingine, kule Mkolani, ambaye nitamtaja mwishoni. Niliyoyasikia ni mengi kuliko hayo, na karibu yote ni uongo. Kijana unayesoma, popote utakapokuta nimeandika "nilisikia", ujue kwamba hapo sitoi ushahidi.

Nisingeshika kalamu kama si jambo lililonikuta mwaka huu. Nilimsindikiza mjukuu wangu, ambaye ni mjamzito, kwenye duka dogo la nguo za watoto. Binti mwenye duka alikuwa na adabu. Aliniamkia kabla sijavuka kizingiti, akanipa kiti. Mjukuu wangu alipouliza kama ana nguo zilizokwisha kuvaliwa, kwa kuwa ni laini zaidi kwa mtoto mchanga, binti akacheka.

"Dada, hizo watu wanaziogopa. Babu hapa atakuwa anakumbuka. Kulikuwa na mama mmoja sokoni, zamani, anauza nguo za watoto waliokufa."

"Ulimwona?" nikamuuliza.

"Mimi, babu? Nilikuwa sijazaliwa."

"Aliyekusimulia alimwona?"

"Aah, babu. Hiyo kila mtu anaijua."

Nilitoka nje kabla sijasema neno la kunivunjia heshima. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na bado kila mtu anaijua. Hayupo hata mmoja aliyeiona, lakini wote wanaijua. Basi sikilizeni nyinyi mnaouza nguo leo kwa picha za simu, na nyinyi mnaonunua. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, na jinsi ilivyouawa kwa mdomo.

Tulikuwa na masanduku manne ya bati, na hatukuyapanga kwa miezi. Mama anayekuja sokoni na mtoto mgongoni haulizi nguo ya miezi sita, kwa sababu watoto wawili wa miezi sita huweza kutofautiana kama mbuzi na ndama. Sanduku la kwanza lilikuwa la wanaolala, la pili la wanaokaa, la tatu la wanaotambaa, la nne la wanaosimama. Mteja akifika, Mama Nyamisi aliuliza neno moja tu: "Anafanya nini?" Akijibiwa "anakaa, lakini anaanguka," alifungua sanduku la pili na kutoa zilizolazwa chini kabisa, zile ndogo. Hakukosea. Nimeona maduka ya siku hizi yenye vibao vya namba, na nimeona akina mama wakirudisha nguo walizonunua jana.

Nguo yenyewe inasema ukijua kuisikiliza. Suruali ya mtoto aliyetambaa hufifia magotini. Ikiwa magoti ni mazima na nyuma pamefifia, huyo alikuwa mkaaji mvivu, na nguo bado ina maisha marefu. Lastiki ya kiunoni usiivute tu. Ivute, iachie, kisha isikilize. Ikilia kama karatasi, imekufa. Doa la maziwa hujificha likifuliwa kwa maji baridi, hata ukadhani nguo ni nyeupe. Pitisha pasi ya mkaa taratibu kifuani, na doa litajitokeza lenyewe, la manjano. Sweta la uzi halitundikwi kwenye kamba, maana maji hulivuta likawa kanzu. Hulazwa juu ya jiwe, na Mwanza hatukupungukiwa mawe. Lakini lilazwe asubuhi. Mchana jiwe letu hupika. Niliwahi kulaza kofia sita saa saba mchana nikaenda kula, na niliporudi zilikuwa ngumu kama vifuu. Mama Nyamisi alizichukua, akazipanga mezani, akawa anawaambia wateja, "Hizi ni za watoto wa Karani. Wanazaliwa na vichwa vya mawe."

Karani ndilo jina nililoitwa. Nilikuwa karani wa ghala la pamba, mwenye cheti cha kidato cha nne na mwandiko uliosifiwa, hadi tulipoambiwa kwamba uchumi sasa ni huria na kwamba sisi tumezidi. Sikuelewa wakati ule na sielewi leo jinsi mtu anavyozidi mahali alipofanya kazi miaka kumi na minane. Mama Nyamisi alikuwa jirani yangu, mjane aliyetoka Ukerewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya pili. Alinikuta nimekaa uani kwangu, shati limenyooshwa, viatu vimepakwa rangi, sina pa kwenda.

"Karani," akasema, "mimi nikifika kwenye nyumba za wakubwa, mlinzi ananifukuzia getini. Wewe na hilo shati watakukaribisha chai. Twende kazini."

"Kazi ya kuuza nepi?"

"Nepi siuzi. Nepi mtu anashona mwenyewe. Nauza nguo. Au unasubiri pamba ije kukuita?"

Nilikwenda kwa aibu. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiona mtu ninayemfahamu nainama chini ya meza, kana kwamba nimeangusha kitu.

Sasa shikeni jambo hili, maana kila kilichofuata kinatoka humo. Mama Nyamisi alikuwa na sheria moja. Hakununua nguo ya mtoto bila kumwona mtoto mwenyewe. Alifika nyumbani, akamtaka mama amlete mtoto aliyebanwa na nguo, akamvalisha, akaona kwa macho yake kwamba kichwa hakipiti au kifungo hakifiki. Ndipo alipotoa fedha. Sokoni, alipouza, alisema: "Hii ni ya mtoto wa mwalimu fulani, yuko Nyegezi, sasa anakimbia na kuku." Nguo ya namna hiyo tuliiita nguo yenye mwenyewe. Akina mama walitoka Magu na Sengerema kuifuata. Walitaka kumvalisha mtoto wao kitu kilichokwisha kumwona mtoto mwingine akikua na kukiacha.

Mimi niliiona sheria hiyo kuwa ushirikina, na nikamwambia hivyo.

"Karani, kule ghalani ulikuwa unapokea pamba bila kuiona?"

"Hapana."

"Mkulima akija akisema, ninayo magunia kumi nyumbani, safi, nyeupe, niamini, ulikuwa unaandika?"

"Haiwezekani."

"Basi na mimi siandiki."

Nilikuwa nimesoma mantiki kwa padri wa Kizungu, lakini sikuwahi kuiona imenyooka namna ile.

Si kwamba nilijifunza kila kitu kwa unyenyekevu. Siku moja nilinunua magauni mawili yaliyofanana ya mapacha, Kulwa na Doto, nikiwa nimewaona wote wawili wakipigania kijiko. Nikauza gauni moja kwa mwanamke mmoja, la pili kwa mwingine, nikaona nimefanya kazi. Kesho yake mwanamke wa kwanza alirudi amekunja uso.

"Mzee, hili ni la pacha. Mwenzake yuko wapi?"

"Nimeliuza."

"Umeuza mwenzake? Umemtenganisha na mwenzake, halafu unampa mwanangu abaki anamtafuta?"

Sijui kama hiyo ni imani ya Wasukuma wote, sikufanya utafiti. Ninachojua ni kwamba Mama Nyamisi alinituma kumtafuta mnunuzi wa pili, na kwamba nilitembea hadi Igoma kwenye jua la saa saba, nikabembeleza, nikarudi na gauni kwapani. Tangu siku hiyo nguo za mapacha nilizifunga pamoja kwa uzi.

Wakati huohuo marobota yakaanza kuingia. Neno robota nililifahamu vizuri kuliko mtu yeyote pale sokoni, kwa kuwa nilikuwa nimehesabu marobota ya pamba yakitoka Mwanza kwenda ng'ambo. Sasa niliona marobota yakirudi kutoka ng'ambo, yamefungwa mikanda vilevile, ndani yake nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu tusiowajua. Tulitoa pamba, tukarudishiwa kafa Ulaya, kama mitumba ilivyoitwa wakati ule. Waliokaa kwenye meza za mbele wakasema hayo ndiyo maendeleo. Jirani yetu wa meza, kijana mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Mabula, alikuwa wa kwanza kwenye safu yetu kufungua robota zima la nguo za watoto. Alipanda juu ya kigoda, akazirusha hewani.

"Chagua mama, chagua! Za Ulaya hizi, hazina mwenyewe, hazina ukoo! Ukitaka ukoo nenda kwa Karani, atakusomea mpaka babu!"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Siku mbaya haikuanza kwa Mabula, hata hivyo. Ilianza kwangu, na hilo sitalificha nyuma ya mtu.

Niliingia katika nyumba ya mke wa mhasibu mmoja, huko Nyamagana, mama mstaarabu, mwenye kabati la vitabu sebuleni. Aliniwekea kitambaa mezani, akanimiminia chai, akanionyesha fungu la nguo za mtoto wake wa kike, Sayi. Ndani yake mlikuwa na sweta la manjano lenye bata wawili kifuani. Jicho la bata mmoja lilikuwa limeng'oka, na mama alikuwa ameshona jingine kwa uzi mweusi. Sijapata kuona sweta zuri kama lile.

"Na Sayi mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Nimemwachisha ziwa, baba. Yuko Magu kwa bibi yake, mama yake mume wangu, wiki ya tatu sasa. Sisi wenyewe tunafungasha. Mzee amehamishiwa Tabora."

Jibu hilo halikuwa na ajabu. Watoto wengi wakiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi ili wasahau titi. Na msemaji alikuwa mtu aliyesoma, mwenye Kiswahili kilichonyooka, mwenye vitabu. Nikaona aibu kumwambia mtu wa namna ile kwamba sheria ya mjane wa Ukerewe inanizuia. Nikanunua. Angekuwa mama muuza ndizi, ningemwambia amlete mtoto kwanza. Fikirini hilo.

Siku kumi baadaye akaja Minza. Huyu alikuwa mama kijana wa Mkolani, aliyeuza dagaa kwa kibaba. Nilimfahamu kwa kuwa alikuwa amepita mezani kwetu mara tatu bila kununua, na mara ya tatu alimweleza Mama Nyamisi, mimi nikisikia, kwamba alikuwa amewazika watoto wawili, wote kabla ya kukaa. Wa tatu alikuwa mgongoni, msichana, na alikuwa ameanza kukaa siku chache tu zilizopita. Alilishika sweta la manjano, akalipitisha shavuni.

"La nani hili, Karani?"

"La mtoto anaitwa Sayi. Sasa anatembea. Yuko Magu kwa bibi yake."

"Umemwona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Sikusema, na sijutii. Nilisema, "Nimeambiwa na mama yake."

Minza alilirudisha sweta mezani kwa mikono miwili, kama anayetua chungu cha moto. Hakunitukana. Alimpapasa mtoto mgongoni, akaondoka.

Mabula alikuwa amesikia. "Eti nini? Mmesikia, jamani? Leo Karani anauza kwa kuambiwa! Mtoto hajaonekana!"

Mama Nyamisi alilitoa sweta mezani, akalikunja, akaliweka mapajani. Tulipofunga meza ndipo aliponiuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Karani, alikupa chai, sio?"

Kesho yake, mwanamke mmoja akimwambia mwenzake mbele yangu, nilisikia kwamba mtoto wa lile sweta hajulikani alipo. Hilo lilikuwa na ukweli. Keshokutwa yake, kwenye bomba la maji, nilisikia kwamba mtoto alikufa. Baada ya hapo sikusikia kwa masikio yangu, niliambiwa na walioambiwa: kwamba tunapata nguo zetu kwa mlinzi wa chumba cha maiti, kwamba tunafukua makaburi, kwamba Mama Nyamisi alifukuzwa Ukerewe kwa mambo hayohayo. Katika juma moja meza iliyokuwa na foleni ikawa haina hata wa kuuliza bei. Akina mama walipofika karibu nasi walivuta khanga na kumfunika mtoto uso. Na wapi walikwenda? Kwa Mabula. Nguo iliyovuka bahari, isiyo na mama wala jina, waliinunua bila swali hata moja. Mtoto wa Magu, umbali wa asubuhi moja tu, ndiye aliyetakiwa kutoa hati ya uhai. Hilo liliniunguza wakati ule, na leo ninapoliandika bado linaniunguza.

"Tutamtafuta," akasema Mama Nyamisi. "Ndiyo kazi uliyoiacha njiani. Tutaimaliza."

Jina la ukoo nililikumbuka, na Magu si mji wa kupotelea mtu. Tulimpata bibi nje kidogo ya mji, kwenye uwanja uliofagiwa, anamenya karanga. Mama Nyamisi alimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia na mimi, tukaelezana safari. Nyuma yake alisimama mtoto wa kike mwenye mashavu, amevaa shanga kiunoni, ana kovu dogo jeupe juu ya nyusi ya kushoto. Bibi akasema ndiye Sayi. Mimi sikutosheka na kuambiwa tena. Mama Nyamisi alilitoa sweta kwenye kitambaa. Mtoto alipoliona alisema neno moja, "Bata," akalivuta. Tulimvalisha. Liligoma masikioni, akalia kwa hasira, bibi akacheka mpaka akaacha karanga.

Nadhani hapo nilitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. Nikamwomba bibi atupe mtoto kwa siku moja, pamoja na yeye mwenyewe, aje Mwanza, asimame kwenye meza yetu, watu wamwone. Nauli yetu, chakula chetu.

Bibi aliacha kucheka. "Kwa nini waje kumtazama?"

Ilinibidi nimweleze. Sikuwa na njia ya kueleza bila kutamka neno lile.

"Watu wanasema mjukuu wangu amekufa," akasema polepole, "na wewe unataka nimpeleke mbele ya hao hao wenye midomo, wamkodolee macho? Huyu si ndama wa mnadani, azungushwe, watu wamhesabu meno. Nyinyi mmemwona. Nendeni mkaseme."

Mama Nyamisi alinishika mkono kabla sijabisha. "Mayu amesema kweli," akasema. "Hata mimi nisingemtoa." Sayi alituaga kwa kututupia maganda.

Tulirudi, tukasema. Nilisimama mbele ya meza nikazungumza kama ninavyoandika sasa, kwa utaratibu: tulikwenda lini, tuliona nini, kovu liko wapi, mtoto alitamka neno gani. Watu walikusanyika, wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mmoja mtu mzima, mteja wetu wa siku nyingi, akasema bila ubaya wowote, "Sawa, Karani. Wewe umemwona. Sisi tumeambiwa."

Mabula akapiga makofi. Wengine wakatawanyika. Nikageuka nikitegemea kumkuta Mama Nyamisi analia, na nikamkuta anacheka, anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Unacheka nini?"

"Wamesoma kwangu, Karani. Miaka yote nawafundisha wasiamini nguo bila kumwona mtoto. Leo nikasirike kwamba wameelewa?"

Mimi nilikasirika, na sijaacha. Mtu anayesema "sijaona, kwa hiyo sinunui" ana haki yake, na Mama Nyamisi aliipokea haki hiyo ikimwelemea. Lakini aliyesema "sijaona, kwa hiyo amekufa" ana haki gani? Waliokataa kuamini uhai wa Sayi kwa maneno ya watu wawili waliomshika mkono waliamini kifo chake kwa maneno ya watu ambao hawakutoka hata sokoni. Kipimo walichotupimia sisi hawakukitumia kuupima uvumi.

Mtu mmoja tu alikitumia sawasawa. Siku tano baada ya hotuba yangu, Minza alifika mezani kabla hatujamaliza kufungua masanduku. Miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini, mtoto yuko mgongoni, na kichwani ana kikapu cha mpunga.

"Kovu liko nyusi ya kushoto," akasema.

Mama Nyamisi akamtazama. "Ulikwenda?"

"Nilikwenda kununua mpunga." Akatua kikapu. "Nikapita kuomba maji. Bibi yake mkali. Yule mtoto amenitupia ganda." Kisha akanigeukia. "Karani, naomba lile sweta."

Alimvalisha mtoto wake palepale, mbele ya safu nzima. Mikono ya sweta ilifunika vidole. Mabula aliita kutoka kwenye kigoda chake, "Wewe Minza, wamekupa nini hao? Wamekulisha dawa?"

"Na wewe nenda Magu," Minza akamjibu bila kugeuka. "Njia haijafungwa."

Mabula hakwenda. Hakuna mwingine aliyekwenda. Magu ilikuwa palepale na mpunga wake na pamba yake. Kila siku walikuwapo watu wa sokoni waliopita huko kwa shughuli zao, wala hakuna aliyeomba maji kwenye uwanja ule. Mwezi haukuisha, msimamizi wa safu yetu akatuambia kwa upole kwamba wateja hawataki kupita upande wetu, na kwamba ingekuwa vizuri tukihamia nyuma, kwenye majalala ya samaki. Meza yetu akapewa Mabula, kwa kuwa marobota yake yalikuwa yameongezeka.

Mama Nyamisi hakuhamia nyuma. Aliniachia masanduku mawili, la wanaolala na la wanaotambaa, akachukua mawili. Nilimsindikiza hadi gatini. Aliniambia, "Usinywe chai ya mtu kabla hujamwona mtoto," akapanda meli ya Ukerewe, sanduku moja kichwani na jingine mkononi. Hapo ndipo nilipomwona mwisho. Yanayosemwa kuhusu maisha yake baada ya hapo, kwamba alipatwa na wazimu, kwamba alikiri yote kanisani kabla ya kufa, sikuyaona. Kila niliyemuuliza "uliyaona?" alinijibu kwamba kila mtu anayajua.

Niliendelea na kazi peke yangu, nikizunguka na masanduku kwenye baiskeli, hadi magoti yaliponigomea. Nilinunua nguo kwenye nyumba nyingi, na hakuna niliyonunua bila mwenyewe. Lakini hayo si ya kujisifia. Mwanafunzi aliyechapwa mara moja halafu akasoma anasifiwa nini?

Niliahidi kumtaja mtoto wa Mkolani. Kiangazi kilichofuata, baada ya Mama Nyamisi kuondoka, Minza alinisimamisha njiani na beseni lake la dagaa.

"Karani, lile sweta limembana. Nataka kuliuza."

"Lilete kesho."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Nilete sweta bila mtoto? Twende nyumbani."

Nilikwenda. Nilikataa chai. Mtoto alikuwa uani, ameshika ukingo wa kinu, amevaa gauni la bluu. Tulimvalisha sweta juu ya gauni, mimi nikishika mkono mmoja na Minza mwingine. Kichwa kiligoma masikioni, palepale kilipogoma cha Sayi. Jicho jeusi la bata lilikuwa bado limeshika. Tulipolivua, mtoto alikiachia kinu ili agombanie sweta lake, na hakuanguka. Alikuwa anasimama.